Kalenda Isiyoalika Mtu

"Dorche, njoo usome mwenyewe," Yavor aliita, akizungusha kiti chake cha ofisi mpaka kikagonga kabati. "Umemwalika Bi Stamenova kwa mama yake mzazi."

Teodora, ambaye Yavor alimwita Dorche, alikuwa hajavua hata koti. Alisogea mpaka kwenye kompyuta ya Yavor, mkate wake wa ufuta ukiwa bado mkononi, akasoma. Ujumbe ulikuwa umeingia alfajiri.

"Mama yangu anaitwa Todora. Leo kalenda yenu imeniletea mwaliko wa kwenda kwake kesho, na chini yake vitufe viwili: Nitakuja, Sitakuja. Mama hajapata kumwalika mtu kwenye siku ya jina lake maisha yake yote, na hataanza na mimi. Natoka mjini Sofia leo. Nitafika kwenu baada ya chakula cha mchana."

Masikio ya Teodora yaliwaka moto. Siku ya jina ni sikukuu ya mtakatifu ambaye mtu ameitwa kwa jina lake, na huadhimishwa kama siku ya kuzaliwa.

"Nani anaalika watu kwenye siku ya jina?" Yavor alisema, akifurahia kila neno. "Mwenye jina anaandaa meza, anaacha mlango wazi, basi. Anayekukumbuka anakuja. Asiyekukumbuka shauri yake. Na wewe mwenyewe Teodora, kesho ni siku yako! Umekuwa Mjerumani lini, wa mialiko na majibu?"

"Nyamaza kidogo, Yavor, tafadhali," Teodora alisema kwa sauti ndogo, naye Yavor akanyamaza kweli, kidogo.

Walikuwa watatu tu katika ofisi ile ya mtaa wa Kapana, mjini Plovdiv, juu ya duka la fundi saa: Ognyan, mwenye kampuni, Yavor, mwenye mdomo, na Teodora, ambaye wateja walimjua kwa barua zake za upole na wengi hawakuwahi kuisikia sauti yake. Kazi yao ilikuwa ya nyuma ya pazia. Hawakumuuzia mtu wa kawaida kalenda. Walitengeneza vipande vya msimbo wa kompyuta ambavyo waandishi wengine wa programu walivichukua na kuvipachika kwenye tovuti zao, kama fundi bomba anavyochukua koki iliyokwisha kutengenezwa kiwandani. Kinyozi akapata ukurasa wa miadi, shule ikapata ratiba ya mitihani. Mtu alibonyeza tarehe kwenye simu yake bila kujua kwamba nyuma ya tarehe hiyo kulikuwa na watu watatu wa Plovdiv wanaogombania hita moja.

Kipande cha Teodora kilikuwa cha sikukuu zinazohama. Kalenda zote za mtandaoni ziliweza kurudia jambo kila mwaka tarehe ileile, au kila Jumanne. Lakini Todorovden, siku ya akina Todor na Teodora wote, huifuata Pasaka, na Pasaka haitulii. Mwaka huu Todorovden iko Machi, mwaka mwingine Februari. Majira yote ya baridi Teodora alikaa na hesabu hiyo mpaka akaifundisha kalenda kuipata Pasaka kwanza, kisha kurudi nyuma hadi Jumamosi inayotakiwa. Kwa wenzake ilikuwa hesabu tu. Kwake ilikuwa zaidi ya hapo, ingawa hakuthubutu kusema hivyo. Akina Nikola na Georgi siku zao zilijulikana nchi nzima. Yake ilipita kimya, na watu wema kabisa, wenye nia safi, walimpigia simu baadaye wakisema, "Jamani, kumbe ilikuwa lini?"

Bi Stamenova ndiye aliyesimamia programu za maduka ya maua yaliyoenea nchi nzima, kutoka Vidin hadi Burgas, na maua huuzwa hasa siku za majina. Alikuwa amekubali kukijaribu kipande hicho kwa wateja wake wa Plovdiv, wale waliokuwa wameiruhusu programu ya maua iangalie majina yaliyomo kwenye simu zao. Akikipenda, kingeingia kwenye maduka yote. Asipokipenda, Ognyan alikuwa ameshasema.

Akalisema tena alipoingia, akiwa na vikombe vitatu vya kahawa kwenye boksi la mayai. Ognyan hakuwa mtu mkali, ndiyo maana maneno yake yaliumiza.

"Teodora, mimi nakipenda. Unajua. Lakini tuko watatu, na kila kipande kinataka kulishwa na kufuliwa. Bi Stamenova akikikataa leo, Jumatatu tunakitoa. Sawa?"

"Sawa, bosi."

"Na wewe ndiye utakayemwonyesha. Aliyeandika ndiye asemaye."

Hilo nalo. Teodora alivua koti hatimaye, akaketi, na kwa muda akatazama uzi mwekundu na mweupe wa heri ya Machi aliojifunga kwenye kifundo cha mkono, kama vile ungemjibu.

Kosa lilikuwa wazi. Katika mtambo wao, kama katika mitambo yote ya namna hiyo duniani, shughuli ilikuwa na mwenyeji na wageni. Mwenyeji huandika majina ya wageni, mtambo huwapelekea mialiko, wageni hujibu. Teodora aliifuata njia hiyo kwa sababu ndiyo njia iliyokuwepo. Akajaribu kufuta majina ya wageni. Shughuli ikabaki kwa mwenyeji peke yake, haikuonekana kwa mtu mwingine yeyote. Akajaribu kuficha vitufe. Mtambo ukaendelea kusubiri majibu, ukawa unawakumbusha wageni kwamba hawajajibu, jambo ambalo lilikuwa baya kuliko mwanzo.

"Kwenu huko kijijini mama yako hufanyaje?" Yavor aliuliza bila kugeuka. Hakuwa anatania safari hii.

"Hafanyi kitu. Anaondoa komeo la geti asubuhi. Anapika maharage, anaoka ule mkate wa sikukuu wa umbo la farasi. Halafu anasubiri."

"Na watu wanajuaje?"

"Wanajua wenyewe. Wanamfahamu mama, wanaijua siku, basi wana..."

Mkono wake ulibaki hewani.

"Nini?" Yavor aligeuka. "Dorche? Umepatwa na nini?"

"Si mama!" Teodora alisema kwa sauti ambayo ofisi ile haikuwahi kuisikia kutoka kwake. "Yavor, si mama anayekumbuka! Ni wao! Tumeiweka shughuli mahali pasipo pake. Tumeiweka kwa mwenyeji, wakati ni ya mgeni! Mwenyeji, akitaka, aseme tu kwamba mlango uko wazi, na wapi. Halafu kalenda ya kila mtu mwenye jina lake kwenye simu ijikumbushe yenyewe. Hakuna anayetumiwa kitu. Hakuna anayejibu kitu!"

"Basi andika, mbona unaniambia mimi? Andika!"

Akaandika. Alijisokota nywele juu ya kichwa akazichomeka penseli, akaandika huku miguu yake ikicheza chini ya meza. Kahawa ilipoa. Yavor alikuwa akipita nyuma yake na kusoma, mara akisema "hapo utajikwaa", mara akisema "alaa!" na kurudi kwake. Kabla ya mchana vitufe vilikuwa havipo, orodha ya wageni haipo, na katika mji wao wa mazoezi, ambako waliishi watu wa bandia wenye majina kama Jaribio wa Kwanza na Jaribio wa Pili, kalenda zilianza kukumbuka zenyewe. Aliangusha penseli, akacheka peke yake kama mtoto aliyefanikiwa kupiga mluzi kwa mara ya kwanza. Kipande kipya wakakipeleka mahali pote, kwenye mji wa mazoezi na kwenye majaribio ya kweli pia, ili mama wa watu asiendelee kualika.

Bi Stamenova aliingia akiwa na skafu ya manjano na sauti ya mtu aliyezoea kuzungumza katikati ya malori ya maua. Hakukaa.

"Yuko wapi aliyenialika kwa mama yangu?"

Yavor na Ognyan walimtazama Teodora kwa pamoja, wasaliti wakubwa. Teodora alisimama.

"Ni mimi, Bi Stamenova. Nisamehe. Nimekibadilisha."

"Lini?"

"Asubuhi hii."

"Hm. Nionyeshe."

Alianza kwa sauti ya chini kiasi kwamba Bi Stamenova ilimbidi amsogelee. Lakini kadiri alivyoeleza, aliisahau sauti yake. Alionyesha jinsi mwandishi wa programu angekipachika kipande kile kwa mistari michache tu. Alionyesha ukurasa wa duka la mfano aliokuwa ameutengeneza, jina la mtu upande mmoja na maua upande wa pili.

"Kitufe cha kujibu kiko wapi?" Bi Stamenova aliuliza.

"Hakuna."

"Na kama nataka kumwambia kwamba siendi?"

"Basi huendi, bibi. Yeye hakukuita."

Yavor alikohoa ili asicheke. Bi Stamenova alitabasamu upande mmoja wa mdomo, akavuta kiti, akaketi.

"Niagizie maua ya tulipu kumi."

Teodora aliandika kumi. Ukurasa ukaibadilisha ikawa kumi na moja.

"Maua ya namba shufwa ni ya makaburini," alisema, akaona haya. "Nilifikiri mtu akiwa na haraka anaweza kusahau."

"Wauzaji wangu wenyewe husahau!" Bi Stamenova alipiga paja. "Haya, msichana. Hawa watu wako wa bandia sitaki kuwaona wakikumbukana. Weka mtu halisi. Weka wewe. Si ndiyo siku yako kesho?"

Teodora aliandika jina lake. Aliandika anwani yake, chumba cha kupanga katika mteremko wa mji wa kale, na maneno "mlango uko wazi kuanzia mchana". Ukabaki ufunguo tu. Ufunguo ni mstari mrefu wa herufi na tarakimu ambao mtambo humtambua nao mwandishi wa programu, na kila mteja walimpa funguo mbili. Mmoja ulifungua mji wa mazoezi. Wa pili ulifungua simu za watu wa kweli. Teodora aliubandika mmoja, akabonyeza, akageukia skrini kubwa ya ukutani ambako mji wa mazoezi ulikuwa umewekwa kwenye tarehe ya kesho, ili jina lake litokee kwenye kalenda za akina Jaribio papo hapo.

Halikutokea.

Alibonyeza tena. Akina Jaribio walikaa kimya, kalenda zao nyeupe kama theluji.

"Labda mtandao," Ognyan alisema.

"Mtandao uko sawa," Yavor alisema, kisha akajutia.

Bi Stamenova alisubiri kwa adabu, na adabu yake ndiyo iliyomaliza kila kitu. Akainuka, akajifunga skafu.

"Wazo ni zuri, kweli kabisa. Lakini mimi siwezi kulipachika wazo kwenye maduka yangu. Lazima nione linafanya kazi. Nitawajibu Jumatatu."

Hatua zake ziliposhuka ngazi, Ognyan alimwekea Teodora mkono begani, akauondoa, akaenda kusimama dirishani.

Jumamosi Teodora aliamka na uzito kifuani. Kifurushi cha mama kilikuwa kimefika kwa basi la jioni: farasi wa mkate mwenye macho ya njugu za walnuti, dolma za wali wa Kwaresima zilizofungwa kwa majani ya mzabibu, chupa ya pilipili za siki, na ujumbe kwamba vitoshe kwa wageni. Wageni gani, mama. Hata hivyo alipanga vyote mezani, kwa sababu mama angeuliza. Akaweka sahani mbili, akaiondoa moja, akaona huruma, akairudisha.

Mlango uligongwa.

Alikuwa Bi Genoveva wa ghorofa ya chini, ambaye kwa miaka miwili walisalimiana kwenye ngazi tu. Alibeba boga lililookwa ndani ya tabaka nyembamba za unga, likifuka mvuke.

"Heri ya siku ya jina lako, mwanangu! Uishi miaka mingi! Mbona unanitazama hivyo, hukunitarajia?"

"Hapana. Yaani ndiyo. Karibu, karibu ndani!"

Hawajakaa vizuri mlango ukagongwa tena. Wasichana watatu aliosoma nao chuo, mmoja ameng'ang'ania mtungi wa maua ya hiasinti, wote wakizungumza kwa wakati mmoja. Nyuma yao mwalimu wake wa zamani wa hesabu. Nyuma ya mwalimu, kwa mshangao wa kila mtu pamoja na yeye mwenyewe, daktari wake wa meno.

"Nilikuwa napita," daktari alijitetea. "Simu ikanikumbusha. Nikasema, ah, yule msichana ambaye huomba radhi kila ninapomchoma sindano."

Teodora aliganda, sahani ikiwa mkononi.

"Simu imekukumbusha? Naomba niione. Samahani, naomba niione!"

Akaonyeshwa. Kwenye kioo kidogo, chini ya jina la duka la maua, yalikuwepo maneno yake mwenyewe: Leo ni Todorovden, siku ya Teodora. Mlango uko wazi kuanzia mchana. Hakuna kitufe. Hakuna swali. Anwani tu, na chini yake picha ndogo ya tulipu.

Furaha ilimpanda kuanzia miguuni mpaka kwenye mizizi ya nywele. Inafanya kazi! Kumbe tangu jana inafanya kazi! Alimkumbatia daktari wa meno, jambo ambalo hakuna hata mmoja wao aliyekuwa amelipanga. Kisha, mikono yake ikiwa bado shingoni mwa daktari, akaelewa jambo la pili, akamwachia.

Alikuwa amebandika ufunguo wa kweli.

Ndiyo maana akina Jaribio hawakuona kitu. Jina lake halikwenda kwenye mji wa mazoezi. Lilikwenda kwenye simu za wateja halisi wa Bi Stamenova, na likasubiri huko mpaka asubuhi ya siku yenyewe, kama alivyoliagiza. Kuonyesha mfano kwa kutumia simu za wateja wa mtu! Kwa kosa hilo watu hufukuzwa kazi.

Yavor aliingia bila kubisha, chupa ya pombe kali ya rakia juu ya kichwa chake kama kombe.

"Ufunguo wa kweli!" alipiga kelele. "Dorche, umebandika ufunguo wa kweli! Niliamka, simu ikalia, nikasoma, nikaanguka kitandani kwa kicheko!"

"Yavor, atatuua."

"Nani?"

"Bi Stamenova! Lazima tufute. Kompyuta yangu iko wapi?"

"Imekaliwa na mwalimu wa hesabu. Na ufute nini sasa, watu wameshakula dolma?"

Ognyan ndiye aliyefuata, akihema kutokana na ngazi, maua mkononi na simu sikioni. "Ndiyo, bibi... ndiyo, mlango wa bluu... ghorofa ya pili," alikuwa akisema. Akakata, akamtazama Teodora kwa macho makubwa. "Yuko chini. Ameniuliza ghorofa tu. Sijui zaidi ya hapo."

Chumba kilikuwa kidogo na kimejaa, lakini Teodora aliusikia kila unyayo kwenye ngazi. Aliutoa ule uzito kifuani akaushika mikononi, ndivyo alivyohisi, akaenda nao mlangoni.

Skafu ya manjano ilitangulia. Kisha tulipu, nyekundu, nyingi, na nyuma yake uso wa Bi Stamenova.

"Bi Stamenova, nisamehe, niliubandika ufunguo wa..."

"Zihesabu," Bi Stamenova alisema.

Teodora alizihesabu kwa macho. Kumi na moja.

"Jana nilikwambia uweke mtu halisi. Ukaweka. Mimi ndiye niliyekuwa natazama ukuta badala ya kusubiri siku yenyewe." Alimkabidhi maua, akavua viatu, akazungumza bila kupunguza sauti, mpaka wageni wote wakanyamaza. "Asubuhi nilikuwa kwa mama, hapa hapa Plovdiv, upande wa pili wa mto. Nilifikiri nitamkuta peke yake, kama miaka hii yote tangu baba atutoke. Nyumba imejaa! Washonaji wenzake wa zamani. Jirani aliyehama. Mwanamume mmoja mzee na shada lake la maua, mama anakataa kunieleza ni nani. Ananivuta jikoni ananiuliza, 'Umewaambia nini hawa watu?' Nikamwambia sijawaambia kitu, wamekukumbuka wenyewe. Na usije ukamwambia vingine, umesikia?"

"Nimesikia," Teodora alisema, na macho yake yakaanza kumsaliti.

"Usinililie kwenye tulipu. Ognyan! Kipande hiki kinaingia kwenye maduka yote. Jumatatu waandishi wangu wa programu watawapigia, na wanataka kuzungumza na huyu, si kwa barua. Ila funguo zipake rangi, nakuomba, mmoja mwekundu, usizichanganye tena."

Yavor alipiga mluzi uliotikisa glasi. Ognyan aliketi kwenye ukingo wa kitanda na kucheka, mikono usoni. Wasichana wa chuo, bila kuelewa hata kidogo, walishangilia kwa sauti kuu, na Bi Genoveva akakata boga.

Mlango uligongwa tena.

"Nani tena?" Yavor aliuliza. "Hapa hata paka haingii."

Teodora alikuwa ameshafika. Walikuwa wawili aliowafahamu na mmoja asiyemkumbuka, na wote watatu akawavuta ndani kwa mikono. Halafu akatazama huku na huku, akachukua kiatu kimoja cha Bi Stamenova pale sakafuni, akakisukumiza chini ya mlango ili usijifunge.